Ndoo ya Makofi

Asubuhi mama alifungua bomba la uani, yakatoka makofi. Yalitoka mfululizo, kwa kasi nzuri. Akayakinga kwenye ndoo mpaka ikajaa, akaifunika kwa sinia ili jirani asije akalalamika tena.

"Leo tena?" aliuliza dada kutoka chumbani. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri.

"Leo tena. Vaa viatu, twende."

Makofi yalianza siku Kiongozi alipomfukuza mhandisi wa maji jukwaani, kwamba ana maneno mengi ya kitabuni. Watu walishangilia mpaka viganja vikawaka moto. Ufunguo wa pampu ukavuliwa shingoni mwa mhandisi, akavishwa Kipaza, bwana aliyekuwa akimshikia Kiongozi kipaza sauti. Tangu hapo pampu haikuguswa, na mabomba yakawa yanatoa kilichopo.

Zahanati, mkunga alimlaza dada, akafungua bomba anawe. Makofi.

"Na wewe shangilia tu," aliliambia, akalifunga. "Mama, sina hata tone, na mkono mchafu huua mzazi. Hangaika."

Mama akahangaika. Nje ya ofisi ya maji alimkuta mhandisi kando ya ukuta, akishona viatu vya watu.

"Ni kazi ndogo tu, mama," alisema, uzi mdomoni. "Nipate ufunguo."

Ndani, Kipaza alikuwa anausugua kwa kitambaa, uking'aa kifuani.

"Mwanangu, tuazime huo ufunguo. Binti yangu yuko kitandani, anajifungua."

"Ufunguo gani, mama? Hii ni nishani."

"Baba, si una meno huo? Nishani gani ina meno?"

"Nilivishwa jukwaani, siwezi kuvuliwa chumbani. Lakini shida yako nitaifikisha."

Akaifikisha kweli. Mama aliporudi zahanati, Kiongozi alikuwa tayari amesimama juu ya gari na uwanja umejaa. Akajipenyeza kwa viwiko mpaka wodini.

"Nani anawanyima wananchi wangu maji?" Kiongozi aliuliza nje.

Kipaza akanyoosha kidole kwenye dirisha la wodi, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa wazi. Mkunga akafukuzwa kazi palepale, akiwa ameshika kichwa cha mtoto.

"Nimesikia!" mkunga alijibu dirishani. "Ngoja nimalizie mabega."

Mtoto wa kike akatoka akilia. Wakampangusa kwa pembe kavu ya shuka. Mkunga akajifuta mikono kwenye aproni, akaivua, akaikunja vizuri.

"Mama yake akipata homa, mkimbizeni."

"Tumkimbize wapi?" aliuliza mama.

Mkunga akachukua mkoba wake, akaondoka.

Huko nje walikuwa wanashangilia. Bomba la wodi likafunguka lenyewe, likatoa kwa nguvu kuliko siku zote. Mama akasonya, akasogeza ndoo ya wodi kwa mguu, akakinga. Hakuna aachaye bomba linatoka.

Jioni, nyumbani, paji la dada likawa la moto. Mama alichovya kitambaa ndooni, akakikamua. Makofi mawili matatu yakadondoka sakafuni. Akakikunja, akamwekea.