Kura ya Tatu Iko Kisiwani

4.
(Tunaanzia la nne. La kwanza hadi la tatu ni salamu, na wewe msomaji tushasalimiana.)

MUHTASARI WA KIKAO CHA DHARURA
Klabu ya Redio ya Ridhaa, Tukuyu
Ajenda: mfumo wa kuendeshea kompyuta tuliyopewa na shule.
Windows: kura moja (Ndugu Ambakisye, Mwenyekiti).
Linux: kura moja (Ndugu Atupele, Katibu).
Mwanachama wa tatu, Ndugu Tusekile, yuko kazini kwenye kituo cha hali ya hewa, kisiwa cha kusini ya mbali. Kura yake iombwe kwa redio.
Redio inahitaji programu.
Programu inahitaji kompyuta.
Kompyuta inahitaji kura.
Kikao kiliahirishwa kwa chai.

5.
Katibu ni mimi. Muhtasari nauandika kwa adabu, ila hapa nitasema: Mwenyekiti ana kichwa kigumu.
"Dada Atu, Windows kila mtu anaijua."
"Kaka, mashine hii imezeeka. Linux ni nyepesi, na programu za redio zimejaa humo, bure."
"Ikigoma nitamuuliza nani?"
"Mimi."
"Na ukiwa umenuna?"
Hapo alinipata. Huwa nanuna.

6.
Kinachomtoa jasho si mfumo.

Jumapili iliyopita, kwa laptopu ya kuazima ambayo mwenyewe keshaichukua, Ambakisye alimwandikia Tusekile. Programu yetu hubeba herufi kumi na tatu tu kwa mkupuo, nafasi na alama zikiwemo, lakini hupenya hata pale ambapo sauti ya mtu haifiki. Alishinda kutwa akipunguza maneno. Mwishowe akatuma:

NIKUOE TUSE?

Jibu likarudi:

JPILI NAJIBU

Na redio ya ridhaa, isiyo ya kibiashara, haina siri. Kila kinachorushwa lazima kiwe wazi, na yeyote mwenye antena anaruhusiwa kusikia. Basi yeyote alisikia.

7.
(Imesikika jikoni kwa mama yake Ambakisye.)
"Posa gani ya kupitia nguzo? Mshenga yuko wapi?"
"Mshenga ndio ule waya, mama."
"Hata chai haijanywa!"

8.
TANGAZO (limebandikwa mlangoni na Katibu)
Linux imewekwa kwa muda, pasipo kuathiri kura.
Mtu asiguse.

9.
AMBAKISYE ANASEMA:
Niligusa. Jumapili baada ya ibada nilikaa mbele ya skrini, kila kitufe naona kimehama. Jibu la maisha yangu linifikie kwenye nyumba nisiyojua swichi ya taa iko wapi? Nikafuta. Nikaanza kuweka Windows. Saa kumi kamili Tusekile anawasha redio yake, anapewa nusu saa tu, na mimi huku

asilimia 63

asilimia 63

10.
asilimia 63

11.
SIMU YA KLABU. Ujumbe kutoka kwa wanaredio tusiowajua, waliopata namba yetu kwenye orodha ya vilabu mtandaoni (tafsiri ni yangu):

Windhoek: Kituo cha kisiwani kinawaita. Nimenasa hivi: NDIYO LAKINI. Ni lugha gani hiyo?

São Paulo: Ulifuata mstari wa pili. Kelele zimeumeza, samahani.

Windhoek: Nami sikuupata. Mko wapi ninyi? Bado anaita.

12.
Ndiyo.



Lakini.

13.
Lakini nini?

Mama yake Ambakisye, aliyekuja chumbani na jirani: "Lakini harusi ifungwe kwao Kyela."
Jirani: "Lakini aache kuvuta nyaya juu ya paa la jikoni."
Mimi, Mungu anisamehe: lakini aache Windows.

Ambakisye hakukisia chochote. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, waya wa redio mkononi. Nilikuwa nimekuja kumgombeza. Nikamhurumia mpaka nikasahau nilichotaka kusema.

"Dada Atu, weka yako. Weka yoyote."
"Kwenye muhtasari niandike nini?"
"Andika Mwenyekiti amekubali! Chomeka!"

Nikachomeka flashi yenye Linux. Linux inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi hiyo hiyo, bila kuwekwa kwenye mashine kwanza. Niliwahi kulisema hilo vikaoni, tena zaidi ya mara moja. Safari hii nikawasha mashine.

14.
Skrini ikawaka. Tusekile alikuwepo, hafifu, chini kabisa ya kelele:

MPO?

Nusu saa yake ilikuwa inakatika. Tungewahi kutuma mkupuo mmoja tu.

"Muulize," nikamwambia. "Lakini nini? Inaenea kwenye mkupuo."
"Hapana."
"Kaka, hujui sharti ni lipi."
"Ninamjua yeye."

Akaandika. Nilihesabu kwa vidole, zikatimia kumi na tatu, hapakubaki nafasi ya kujuta:

NAKUBALI YOTE

15.
Sekunde kumi na tano za kutuma.

Sekunde kumi na tano za

16.
Msomaji, wewe ungekubali?

17.
kusikiliza.

YOTE? HAKIKA?

Mama mtu akapiga kigelegele, kisha akakikatiza katikati. "Ngojeni. Amesema nini huyu binti?"

Nilitazama saa ya ukutani. Nusu saa ilikuwa imepita, na kule kisiwani huenda watu walikuwa wamesimama nyuma yake wakiitaka redio yao. Tusekile alikuwa bado hewani. Alikuwa anamngoja.

Kidole cha Ambakisye kikashuka kwenye N ya NDIYO.