Saa ya Kwenye Kona

Nyumba nyingine watu hugombana kwa sababu ya mpira. Nyingine kwa sababu ya kiwanja cha urithi, na huko ndiko mapanga huchungulia. Nyumba ya huyu mchora ramani za majengo iligombana kwa sababu ya sura ya kompyuta, na ugomvi wenyewe ulikuwa umekomaa hadi kuota ndevu.

Baba na binti wote walitumia Linux, ule mfumo wa bure ambao mwenye mkono mwepesi anaruhusiwa kuufungua, kuuchokonoa na kuuvalisha sura anayoitaka. Hapo penye sura anayoitaka ndipo balaa lilipozukia. Baba alikuwa mtu wa Xfce, mojawapo ya sura hizo. Pale nyumbani waliiita Kabati, kwa kuwa kila kitu kilikuwa na droo yake: kitufe cha menyu kona ya chini kushoto, saa kona ya chini kulia, na hakuna kinachohama hata ukikatwa kichwa. Binti, fundi wa kompyuta katika chuo cha ufundi, alikuwa mtu wa GNOME, sura nyingine. Hiyo baba aliibatiza Uwanja, maana ukiiwasha unakutana na kioo kitupu, mpaka usukume mshale kwenye kona ndipo mambo yajitokeze.

"Hiyo ni nyumba haina mlango," baba alikuwa akisema. "Mgeni akija aingilie wapi?"

"Na yako ni stoo, baba. Kila ukuta una misumari."

Mama, ambaye kompyuta aliijua kwa kazi moja tu ya kuifuta vumbi, alikuwa akitikisa kichwa. "Huyu nimemzaa, yule kanioa, na sijui nimkane yupi kwanza."

Binti huyu alipewa jina la utani la Kwanini tangu hajaota meno yote, na sababu huhitaji kuambiwa. Alimuuliza mwalimu kwa nini, akamuuliza daktari wa meno kwa nini huku mdomo umejaa pamba. Basi siku Mjenzi alipompigia simu kazini, alishtuka, maana Mjenzi alikuwa mkandarasi na rafiki wa baba wa miaka nenda rudi na hakuwahi kumpigia yeye hata mara moja.

"Binti yangu, nikuulize kitu, na usimwambie mzee kwamba nimeuliza. Ni baba yako amechoka, au ni mashine yake imechoka?"

"Kwa nini, mjomba?"

"Ramani zinarudi. Katikati safi kabisa, vyumba vimepangwa mpaka raha. Lakini pembeni, lo! Mtaro wa maji machafu umepita ndani ya ukuta wa jirani. Kona ya chini bado ina jina la kazi iliyopita. Mtu aliyekuwa akinitukana mimi kwa kosa la upana wa kidole!" Mjenzi alishusha pumzi. "Sasa kuna hii zahanati. Ni kazi ya heshima, na nilitaka iwe yake. Ila wenyewe wanataka ramani mwisho wa wiki, na ikiwa na kasoro tena, nitalazimika kumpa mtu mwingine. Na nikimpa mtu mwingine hii, hakuna atakayempa baba yako nyingine."

Kwanini aliomba ruhusa, akabeba begi lake la vifaa, akaondoka kwenda kwa wazazi mchana uleule. Njiani alijipa moyo. Mashine ilikuwa kuukuu, diski huenda inakufa, au kumbukumbu imeanza kuchezacheza. Mashine ni kitu unachoweza kukifungua.

Alimkuta baba kwenye meza yake, mgongo umenyooka, miwani puani, na chumba chote kinanuka wino wa printa. Baba hakugeuka alipoingia. Ilibidi amguse bega.

"Ala! Umetokea wapi wewe?"

"Mlangoni, baba. Kama watu wengine."

Halafu Kwanini akatupia macho kioo, akasahau hata kusalimia. Kabati halikuwepo.

"Baba! Umehama?"

"Nimehama," alisema baba, kwa ile sauti ya mtu anayejua amefanya jambo la kusemwa.

"Bila kuniambia? Wewe? Uliyeapa utazikwa na Kabati?"

"Binadamu anabadilika, mwanangu. Si wewe ulisema?"

Alikuwa amehamia KDE, sura ya tatu, ile ambayo inakubali kupindwa utakavyo. Na aliipinda, wallahi. Saa, kubwa kama sahani, ilikuwa juu katikati. Vitufe vyote alivibana kwenye mstari mfupi chini, katikati. Dirisha la ramani hakulijaza kioo, alilipunguza likabaki pande moja la mraba hapo katikati, na pande zote za kando zilikuwa tupu, zimelala tu. Kioo kikubwa kile, alichokililia mwaka mzima mpaka mama akakubali kinunuliwe, na sasa anatumia nusu yake tu!

Kwanini aliona wivu kidogo, tusifichane. Miaka yote alitamani baba aliache Kabati, na baba ameliacha, lakini hakuja kwake. Ila wivu huo ulizidiwa na udadisi. Mtu anaweza kubadili shati. Mtu aliyeweka saa yake mahali pamoja miaka yote haibandui hivihivi.

"Kwa nini, baba?"

"Inanipumzisha."

"Inakupumzisha nini?"

"Shingo. Macho. Sijui." Baba alikuna kidevu. "Na lile Kabati lilishaharibika. Saa ilikuwa inapotea."

"Inapoteaje?"

"Inapotea tu! Naangalia, haipo. Baadaye naangalia, ipo. Na kitufe cha menyu vilevile. Nikasema ndiyo mambo ya vitu vya bure hayo."

Hapo fundi akaamka ndani ya binti. Hilo ni tatizo, na tatizo lina chanzo. Alitoka kwenye sura mpya, akachagua Kabati, likafunguka kama zamani. Akalikagua. Akafungua faili za mipangilio, akapitia ujumbe wa makosa mstari kwa mstari, akapima diski, akapima kumbukumbu, akachomoa hata waya wa kioo akaupuliza. Mama alileta chai, baba akanyoosha mkono kuipokea, kikombe kikapigwa kofi kikamwagika mezani.

"Haya, cha ngapi hicho?" alisema mama akifuata kitambaa. "Juzi kaenda kuupiga mlango bega kama anataka kuuhamisha."

Kwanini hakusikiliza. Alikuwa anatazama saa, pale kona ya chini kulia, imetulia, inahesabu dakika zake bila wasiwasi wowote.

"Baba, saa hii hapa. Haijapotea."

Baba alitazama kioo. "Haipo."

"Ipo."

"Kwanini, usinifanye mtoto. Haipo." Kisha akageuza kichwa kuelekea kulia, kumtazama binti usoni aone kama anamtania, na katikati ya kugeuka akasimama. "Eh! Imerudi. Umefanyaje?"

Kwanini hakuwa amefanya chochote. Mkono wake ulikuwa juu ya paja, mbali na kipanya. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani asiulize.

Lakini aliuliza. Alifungua programu ya baba ya kuchorea, akaijaza kioo kizima, akaweka nukta nyekundu katikati. "Tucheze mchezo, baba. Tazama hiyo nukta. Usiiache hata nikisema nyumba inaungua. Mimi nitakuwa naleta kidirisha kidogo kutoka pembeni. Ukikiona, sema sasa."

"Utoto huo," alisema baba, lakini akakaa sawa, kwa sababu alipenda michezo kuliko mtoto yeyote pale mtaani.

Kidirisha kilitoka ukingo wa kulia. Kikaja taratibu.

"Bado," alisema baba. "Bado. Umeanza kweli wewe?"

"Nimeanza."

"Bado. Bado... Sasa!"

Kilikuwa kimefika karibu na nukta. Kwanini aliweka alama hapo. Akakaa yeye kwenye kiti cha baba, akakaza macho kwenye nukta, akasogeza kidirisha mwenyewe, na kidirisha alikiona tangu ukingoni, bila shida yoyote. Akainuka, akamrudisha baba. Akaleta kutoka kushoto. Akaleta kutoka juu, kutoka chini, kutoka kila kona, na kila mara baba alisema bado, bado, mpaka lile neno likaanza kumtoka kwa sauti ndogo. Mama alisimama na kitambaa chake mkononi, kinachuruzika chai sakafuni, na hakukiona.

Kwanini alipomaliza, baba aliomba kipanya. Hakuambiwa cha kufanya. Aliziunganisha zile alama moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunga kamba kwenye vigingi vya kiwanja, na alipofunga ya mwisho akaegemea nyuma. Mchoro ule ulilingana karibu sawasawa na lile pande la katikati alilojipangia mwenyewe kwenye sura yake mpya, bila kujua kwa nini anapapenda.

Baba alifuata mstari ule kwa kidole. Halafu akauliza, taratibu, kama anavyouliza akiwa kwenye eneo la ujenzi, "Nani kajenga ukuta hapa?"

Mama ndiye aliyelia. Alilia bila kujizuia, na katikati ya kilio akacheka. "Na mimi nakupita uani hunisemeshi! Nikadhani umenichoka. Nimekasirika miezi yote hii, mume wangu, nakupikia nimenuna, kumbe hunioni!"

"Hununi vizuri," alisema baba. "Hata sikugundua." Akamshika mkono, baada ya kuutafuta kidogo.

Kesho yake walikwenda wote watatu hospitali ya macho. Daktari alimpima kwa mashine ambayo, Kwanini alipochungulia, aliona ni mchezo wao uleule, tofauti ni vimwanga vidogo badala ya kidirisha. Akawaeleza bila kuzunguka. Ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inaanza kula pembeni, na mtu anasoma gazeti vizuri tu huku kuta zinamsogelea. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, bila kukosa, mpaka mwisho wa maisha.

"Wengi huja wakati sina tena cha kuwalindia," alisema daktari. "Nani aligundua?"

"Saa," alisema baba.

Daktari hakuelewa, ila aliendelea na lake. Aliuliza kama baba anaendesha chombo chochote. Mama aliminya mkoba wake. Baba alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa pikipiki yake, akauweka mwenyewe kwenye kiganja cha mama, na hakuutazama tena.

Kwa Mjenzi alikwenda kwa miguu, na hakutaka kusindikizwa. Alimwambia waziwazi: kona zangu zimekufa, katikati niko mzima, na zahanati bado naitaka. Mjenzi akasema mwisho wa wiki uko palepale. Huruma haijengi zahanati.

Basi baba alichora. Kila alipomaliza chumba aliivuta ramani yote, akaileta kila kona mpaka katikati ya macho yake, akaikagua kama anayempekua mhalifu, ndipo akaiachia. Kazi ilikwenda polepole na ilimchosha, akatukana, akaanza tena. Siku ilipofika, Mjenzi alikuja mwenyewe, akaitandaza karatasi mezani, na hakujificha: alianza na kona. Kona ya kwanza. Ya pili. Mtaro wa maji ulipita unapopaswa kupita. Ya tatu. Ya nne. Ndipo akarudi katikati, akainua kichwa, akamwambia mama kwamba sasa anaweza kuleta ile chai aliyoikataa alipofika.

Jioni hiyo Kwanini alikuwa anafunga begi lake. "Nitakutengenezea sura vizuri kabla sijaondoka, baba. Kila kitu katikati, kama ulivyopenda. Herufi nitazikuza, na saa nitaiongeza mwanga."

"Hapana. Nirudishie Kabati."

"Kabati? Baba, kila kitu chake kiko kwenye kona! Huoni kitu huko!"

"Ndiyo maana." Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Nikikaa hapo katikati, mwanangu, nitazoea. Ukuta utasogea tena na mimi nitajisogeza, nitasema napumzika. Weka saa kwenye kona yake. Nataka kila asubuhi niitafute. Nikaze macho kwenye nukta yako, halafu niigeukie taratibu, nijue nimegeuka kiasi gani ndipo nimeiona. Siku nikigeuka zaidi ya jana, tunarudi kwa daktari."

Kwanini alitaka kuuliza kwa nini, akakuta jibu limeshasemwa. Alikaa akamrudishia Kabati, menyu kushoto, saa kulia. Alikosea neno la siri mara mbili, na baba alijifanya haoni, ingawa vidole vile vilikuwa katikati kabisa.

Tangu hapo, simu ya Kwanini huita kila asubuhi kabla hajafika chuoni. Yeye husogea pembeni ya barabara, akasimama penye ukuta wowote, akapokea. Baba hana salamu siku hizi.

"Ipo," anasema.

"Palepale pa jana?"

Huwa anasubiri. Anamsikia baba anavuta pumzi, anasikia kiti kinalia anapogeuka, na hathubutu kusogeza mguu mpaka ajibiwe.

"Palepale."