Kopo la Mchele

Keki ya ubarikio wa Glory ilibonyea katikati kama mto uliolaliwa, na mama yake, Doris, akatafuta wa kumtupia lawama. Hakwenda mbali. Jirani yake Husna alikuwa mlangoni na sinia la vitumbua, vidole bado vina majivu.

"Husna alifunua sufuria mapema," Doris aliwaambia akina mama wa kanisa waliojaa sebuleni. "Na nilimkataza."

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, ndiyo hiyo sasa. Husna ndiye aliyepanga makaa chini ya sufuria na juu ya mfuniko, kwa hisani tu, maana pale mtaani Ufukoni hakuna anayemshinda kwa moto. Alimtazama Doris, akaweka sinia chini, akaaga kwa adabu. Rozalia, mmoja wa akina mama hao, aliyekuwa amemwagiza Husna keki ya harusi ya mwanawe ya Jumamosi, alikunja midomo. Siku ile ile akampa kazi hiyo mtu mwingine.

Kesho yake Doris alinunua pakiti ya unga wa ngano, kilo moja, akaanza kuuhamishia kwenye ndoo kwa kopo lake. Kopo lenyewe alilipata dukani kwa Mustafa, la kupimia mchele. Likijaa mchele ni nusu kilo, mtaa mzima unajua. Siku ya kuoka, maelekezo ya kwenye simu yaliposema keki inataka gramu mia tano za unga, yeye alijaza kopo hilo, akalisawazisha kwa kisu, akajiona fundi. Sasa alichota la kwanza, akachota la pili, na pakiti ikawa bado ina unga. Ulijaza kopo la tatu.

Kilo moja, makopo matatu! Mchele mzito, unga mwepesi. Keki ilikuwa imepunjwa unga tangu mwanzo. Uso ulimwaka Doris ingawa jikoni alikuwa peke yake. Akalibeba kopo mpaka kwa Husna, akamkuta anakoroga rojo la vitumbua.

"Mama Yusufu, kumbe kosa lilikuwa la kopo. Sikujua."

Husna hakuacha kukoroga. "La kopo hukujua. La mfuniko je? Tulikaa wote pale mpaka keki inaiva, Mama Glory. Uliniona nikifunua?"

Doris alitamani ardhi ipasuke immeze. "Sikukuona. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini waliosikia hawapo hapa."

Doris aliahidi kuwaambia. Kuahidi ni rahisi, ulimi hauna mfupa. Kila alipochukua simu ampigie Rozalia, aliona aibu, akairudisha mezani. Jumamosi akavaa sare, akaenda harusini kwa Rozalia.

Jumapili baada ya ibada, akina mama wakiwa kwenye kikao chao, alisimama na kopo mkononi.

"Husna hakufunua sufuria," alisema. "Nilipima unga kwa kopo la mchele. Na kuhusu mfuniko, nilimsingizia huku najua."

Rozalia alimgeukia.

"Jana ulikaa meza yangu, Doris. Ulikula keki, ukaisifu. Ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua," Doris alisema, akabaki amesimama na kopo lake, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.