Ardhi Aliyoiona Ikizaliwa

Sadala alifika Kiongoroni kwa dada yake Zamda akiwa amejifunga gunia kiunoni. Nyuma yake alikuja mkewe, Mwanaharusi, mimba ikianza kuonekana, pamoja na watu wengine wa Mahege na vile walivyoweza kubeba kichwani. Askari wa Mdachi walikuwa wamepita kwao. Hawakuja kupigana. Walichoma maghala ya mpunga na mtama, wakachinja mbuzi, wakaenda zao.

"Bunduki zimewachosha," alisema Sadala. "Sasa wanataka tufe kwa njaa."

Zamda aliwapa uji na samaki wa kuchoma. Alikuwa mjane, mkata mikoko kama marehemu mumewe, mwenye mabega mapana na sauti ya kuita kutoka ng'ambo ya mto. Kusitasita hakukujua. Jumbe wa Kiongoroni alipokuja uani kulalamika kwamba wageni wakionekana kijiji kizima kitachomwa, alimkuta ameshaanza kufunga vyungu kwa kamba.

"Usihangaike, jumbe. Kesho maji yakijaa tunaondoka."

"Mnakwenda wapi? Nyamisati wamejaa askari. Bara ndiko kunakowaka."

"Kwenye nchi yangu," alisema Zamda.

Kesho yake maji makubwa ya bamvua yalipojaa, mitumbwi iliingia kwenye vijito ambavyo Sadala, aliyepelekwa bara akiwa mdogo, hakuwahi hata kuvisikia. Mbele yake alikaa Mwalimu Tamimu, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani Mahege, msahafu wake ameufunga kifuani.

"Bibi Zamda," aliuliza mwalimu, "hiyo nchi ni ya ukoo gani?"

"Haina ukoo. Haina hata jina. Nilipokuwa msichana, marehemu baba alipiga kasia hapa mbele, mtumbwi ukaparuza kitu chini. Juu palikuwa maji matupu. Baba akatukana, akapita. Mimi nikapashika pale mahali kwa macho. Baadaye, maji yakikupwa, ukaanza kuonekana mgongo wa tope, kama kiboko aliyelala. Wakaja kaa, wakautoboatoboa. Wakaja ndege wa miguu mirefu kuwala hao kaa. Maji yakaleta mbegu za miti ya chumvi: zikashika za mlilana, halafu mchu, halafu mkoko. Mizizi ikawa inakamata kila takataka inayoshushwa na mto. Kila mafuriko yanaongeza tope juu ya tope. Siku moja nikakuta katikati miti ya chumvi inakufa na chini yake nyasi zinaota. Nikajua pamekuwa nchi kavu."

Mwalimu Tamimu alikunja uso. "Lakini nchi zote Mungu aliziumba mwanzo."

"Ndiyo, mwalimu. Na bado anaumba. Mimi nimemkuta kazini."

Mwalimu alicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Sadala hakucheka. "Dada, mimi nilinyunyiziwa maji, nikaambiwa risasi za Mdachi zitageuka matone. Niliona kwa macho yangu zilivyowatoboa watu. Leo unaniambia maji yametengeneza nchi?"

"Mimi sikwambii uyaamini. Nakwambia nimeyatazama, tangu sijavunja ungo mpaka leo nina mvi. Hebu nikuulize. Marehemu baba mkwe wako alipochimba kile kisima cha Mahege, alitoa nini chini?"

Sadala alifikiri. "Mchanga. Na makombe ya chaza."

"Chaza wanaishi bara?"

Sadala aligeuka kumtazama mkewe, naye Mwanaharusi akatikisa kichwa kukubali. Makombe yale alikuwa akiyachezea utotoni.

"Basi hata Mahege kulikuwa bahari," alisema Zamda. "Na kulikuwa na mtu wa kwanza aliyekanyaga, na wenzake wakamwona mwendawazimu. Piga kasia."

Walipofika, hakuwaruhusu kushuka upande wa bahari. Aliwazungusha mpaka upande wa juu ya mto, ambako miti ilikuwa minene na ardhi imeshika. Walijenga vibanda vya makuti katikati, kwenye nyasi. Walikula kaa na samaki, na maji yakikupwa walipanda mto kwa mtumbwi mpaka mahali ambapo maji hayakuwa na chumvi, wakachota maji ya kunywa.

Askari walikuja asubuhi moja, kwa mashua ndefu, na Mdachi mmoja mwenye kofia nyeupe. Zamda aliwaona kupitia matawi, wakitokea upande wa bahari. Mwanaharusi alizima moto kwa tope.

"Tukimbie?" alinong'ona Sadala. Alikuwa ameshika panga.

"Kaa chini. Wanakuja upande ambao haujakomaa."

Mashua ilikwama kwenye tope. Mdachi alitoa amri, askari mmoja akaruka chini. Tope lilimmeza mpaka mapajani. Alijaribu kunyanyua mguu, ukazidi kuzama. Akapiga kelele. Wenzake walimtupia kasia, wakamvuta kwa taabu, kiatu kimoja kikabaki humo humo. Mdachi alikunjua karatasi yake ya ramani, akaitazama, akaitazama mikoko, akaikunja. Maji yalikuwa yanaendelea kukupwa. Walisukuma mashua kwa nguvu zote kabla hawajakaukiwa, wakarudi walikotoka.

Sadala alibaki amekaa chini hata mashua ilipokwisha kupotea. Kisha alilaza panga kwenye nyasi.

"Ulijua watakwama," alisema.

"Pale pana umri wa mtoto anayetambaa," alijibu Zamda. "Hapa tulipo pana umri wangu."

Mvua zilianza. Mwanaharusi alikuwa ameficha mbegu za mpunga kwenye kibuyu tangu Mahege, akavumilia njaa njiani asiziguse. Mafuriko yalishuka na tope jekundu la bara, yakasukuma maji ya chumvi nje, wakapanda. Alijifungua mtoto wa kike mpunga ukiwa umefika magotini. Mwalimu Tamimu alimwadhinia sikioni, wakamwita Mwanawetu, kwa kuwa kila aliyekuwa kisiwani alitaka kumpakata.

Habari za bara zilikuwa mbaya. Watu walikuwa wanachimba mizizi. Wakati wa mavuno mitumbwi mingine ya waliokimbia njaa ilifika, na Zamda aliwapokea wote, akawaonyesha pa kujenga.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa, kulizuka kelele shambani. Zamda alikwenda akawakuta Sadala na Mwalimu Tamimu wamesimama uso kwa uso, kila mmoja ameshika jembe.

"Dada, mwambie mwalimu! Mpaka unapita kwenye ule mti wa mkandaa!"

"Unapita kwenye tuta, bibi Zamda. Tuta nimelima mimi!"

Zamda aliwatazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nao wawili wakabaki wanamshangaa.

"Jana hapa palikuwa tope na kaa," alisema akijifuta kwa pindo la kaniki. "Leo tuna kesi ya mpaka. Haya, sasa ni kijiji. Nileteeni kamba tupime."