Kiti cha Thelathini na Saba

Kila mtu mtaani alijua kwamba Mama Vifungo, fundi cherehani, huja mkutanoni na viti viwili. Desturi ya pale ni kila nyumba kuja na kiti chake na kupiga kura moja, basi. Yeye kwa miaka tisa alibeba kimoja kila mkono, akavipanga sako kwa bako safu ya nyuma, akakalia kimoja. Mwanzoni watu walinong'ona. Baadaye wakazoea, maana kiti kitupu hakigombani na mtu.

Kiti cha pili kilikuwa cha mumewe, fundi baiskeli. Bwana huyo hakukabidhi baiskeli ya mtu mpaka aijaribu mwenyewe kwenye kinjia cha nyuma ya nyumba. Alasiri moja alitoka kwa mlango wa uani na baiskeli ya mteja, akapiga kengele kama ada yake, akaenda. Hakurudi yeye, haikurudi baiskeli. Tangu siku hiyo mlango ule haukutiwa komeo. Mama Vifungo alishona akiwa ameuelekea, na tuseme kweli, moyo wake haukuwa kwenye cherehani.

Sasa manispaa ilitaka kujenga njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Ikipita nyuma, kwenye kile kinjia, utajengwa ukuta na milango yote ya uani itazibwa kwa matofali. Ikipita mbele, kando ya barabara ya malori, milango itabaki. Watu waliokuwa wakiombana chumvi wakaacha kusalimiana. Mwalimu mstaafu, aliyevunjwa mguu na lori akienda dukani, alisimama na mkongojo wake akawasihi wapitishe njia nyuma, wajukuu zake wawe salama. Mama Vifungo alimwonea huruma kwelikweli. Lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake: mlango ukizibwa, mumewe ataingilia wapi?

Mwenyekiti, seremala mwenye maneno mengi kuliko misumari, akamwita mbele ahesabu mikono. Nani mwingine, kama si mwanamke asiyewahi kukosea kifungo kimoja katika sare mia? Atakachotamka ndicho hicho, akasema mwenyekiti, na kura zikilingana njia itapita barabarani.

Wa barabarani wakanyoosha. Kumi na wanane, pamoja na yeye mwenyewe. Nyumba zilikuwa thelathini na sita, kwa hiyo upande wa pili ungefika kumi na nane tu, usingezidi. Mama Vifungo akashusha pumzi.

Wa nyuma wakanyoosha. Alihesabu kwa kidole, safu kwa safu. Wa kumi na nane alikuwa Mwalimu. Kidole kikafika safu ya mwisho, kwenye viti vyake viwili. Chake kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa na mtu.

Jua la alasiri lilijaa dirishani nyuma ya mtu huyo, uso haukuonekana. Mkono ulionekana. Shati la buluu la kazi, grisi kwenye pindo. Mkono wenyewe ulipinda kwenye kiwiko, kwa kuwa uliwahi kuvunjika ukaunga vibaya, na shati lilikuwa limekatwa kufuata kule kupinda kwake. Dunia nzima ni fundi mmoja tu aliyejua kulikata hivyo, naye alikuwa amesimama mbele ya mkutano, kidole hewani, mgongo umempoa kama maji ya mtungi. Pembeni mwa kile kiti, muuza maziwa, mgeni wa miezi miwili mtaani, alikuwa anajikunyata ndani ya kanga na joto lote lile.

"Ngapi, mama?" mwenyekiti akauliza.

Angesema kumi na nane, nani angembishia? Akautazama ule mkono. Haukutetemeka. Ulinyooshwa kama wa mtu aliyechoka kungojewa.

"Kumi na tisa," akasema.

Mwenyekiti akakuna kichwa. Nyumba thelathini na sita, mikono thelathini na saba? Akahesabu viti, akapata thelathini na saba, akaridhika. Mwalimu akajifuta machozi.

Mama Vifungo alipofuata viti vyake, cha pili kilikuwa kitupu. Alikigusa. Kilikuwa na baridi ya kuuma vidole.

"Shemeji ameondoka saa ngapi?" muuza maziwa akamuuliza. "Nimemsalimia, hata hakuitika. Alikuwa na haraka?"

"Ndivyo alivyo," Mama Vifungo akajibu. "Kuna baiskeli anaijaribu."

Nyumbani alipita moja kwa moja hadi uani. Komeo lilikuwa limeshika kutu. Alilisukuma kwa viganja vyote viwili, akilia, mpaka likaingia. Upande wa pili wa mlango kengele ya baiskeli ililia mara moja, karibu kabisa, kisha magurudumu yakasikika yakienda.

Mkutano uliofuata alikuja na kiti kimoja.