Huenda Unamfahamu Huyu

Dastan alifika Mjimwema saa nne asubuhi, akamkuta Bibi Ekaristia uani anachochea maharage. Kwapani alibana mfuko wa salfeti uliokunjwa kwa urefu. Bibi hakuhitaji kuambiwa kilichomo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu." Bibi na mume wa mjukuu ni watani, na siku ile utani ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo karibu. "Leo umekumbuka kwamba una mke mzee? Vuta kigoda, kaa."

Chumba cha nyuma cherehani ilikuwa inalia. Lukresia, mjukuu wake, alikuwa anashona sare za shule. Ulikuwa mwaka wa pili tangu atoroke kwa Dastan huko Lusewa. Siku aliyotoroka alichelewa kurudi kutoka kisimani, Dastan akamfungia ndani ya bani la kukaushia tumbaku, moto unawaka. Alitoka mkono wa kushoto umekunjamana kama jani lililokauka. Alipofika kwa bibi hapa Songea alibadili laini ya simu, akanyoa nywele, akajiita Pamela.

"Nani kakuelekeza?" Bibi aliuliza, huku anakoroga. Moyoni alishamtaja binti yake Violet, maana nje ya nyumba ile ndiye pekee aliyejua. Alishaanza hata kumlaani.

Dastan akacheka. "Usiwasingizie watu, bibi. Mimi nilishakata tamaa. Juzi nipo na simu, naangalia mpira, ikaniletea yenyewe: huenda unamfahamu huyu. Pamela, fundi nguo, Mjimwema. Uso haupo, ni mkono tu umeshika gauni. Mkono ule nitaacha kuujua? Niliuchoma mimi."

Bibi akaacha kukoroga. Mtandao huohuo wa simu ndio uliokuwa unawalisha. Lukresia alimweleza: unaweka picha ya gauni, halafu mtambo, kwa hesabu zake, unaipeleka kwa mtu usiyemjua wala hakujui, na kesho mtu huyo anabisha hodi na kitambaa. Bibi aliita baraka. Hakujua kwamba hesabu zile hazimtengi mteja na muuaji.

"Basi kunywa maji kwanza. Lusewa mvua imenyesha? Tumbaku imeshika? Yule ng'ombe wa baba yako kazaa?"

Aliuliza moja moja, akingoja kila jibu, kwa sababu mkwe hawezi kuzikatiza salamu za mkubwa. Dastan alijibu meno yamebana. Ndipo bibi akapaza sauti. "Lakini umekonda, Dastan. Dastan wa Lusewa, huna wa kukupikia?"

Cherehani ikanyamaza.

Dastan naye alisikia ilivyonyamaza. Akainuka, panga likatoka mfukoni. Bibi akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mke mkubwa ni mimi. Kwa mke mdogo hupiti bila ruhusa yangu."

Ngumi ilimpata mdomoni. Bibi akaanguka kando ya mafiga, akatema jino na damu.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Lukresia alishafika kwenye ua wa jirani, na kama angekimbia asingeonekana tena. Ila alisikia bibi anavyoanguka. Akarudi na mkasi mkononi.

Panga lilishuka. Akakinga kwa mkono uleule wa kovu, vidole viwili vikadondoka majivuni. Hakulia. Alimchoma Dastan mkasi begani mpaka kwenye mpini. Dastan akaunguruma, akainua panga mara ya pili, na safari hii alilenga shingo.

Bibi, yupo magotini, akaibeba sufuria kwa mikono mitupu na kummwagia usoni maharage yanayotokota. Kelele za Dastan zilifika barabara kubwa.

Majirani wakamiminika. Kajetani wa bodaboda alitangulia na nondo, akamvunja goti. Mawe yakafuata. Mmoja akaitisha tairi, mwingine petroli.

Bibi Ekaristia akatambaa, akamkalia Dastan mgongoni.

"Toka hapo, bibi, tummalize," Kajetani alisema.

"Nimemkalia mume wangu, wewe inakuuma nini? Mkimchoma, ndugu zake watakuja kuchoma watoto wetu. Ataeleza polisi kwa mdomo wake, kama umebaki."

Kuna waliocheka, na mawe yakashushwa.

Bibi alipoinua macho aliona simu, kumi au zaidi, zimeelekezwa kwao. Akafahamu kwamba kabla ya adhuhuri ndugu wote wa Dastan wangekuwa wameshaletewa picha hizo, bila hata kuomba. Akafungua khanga yake, akamfunika Lukresia uso.

Lukresia, mkono umezongwa kitambaa cha sare kinachovuja, akaiondoa ile khanga.

"Acha, bibi. Nimejificha miaka miwili na bado simu imenitoa. Sasa wanione wote, na huyu wamwone." Akazitazama simu moja baada ya nyingine. "Mimi ni Lukresia. Naishi hapa, na sihami."

Kajetani akaitupa nondo, akaenda kuwasha pikipiki ampeleke hospitali. Bibi hakuinuka mgongoni kwa Dastan mpaka polisi walipofika.