Kiti cha Nyuma ya Trekta

Msinionee huruma. Huruma ndiyo iliyonimaliza, si mkorosho. Mkorosho ulinitupa mara moja tu, ukanivunja uti wa mgongo, yakaisha. Mdogo wangu Dionis ananitupa kila siku, tena kwa upole, na shikamoo juu.

Mimi ni Fidelis wa Mitwero. Kabla sijaanguka, hapakuwa na mpogoleaji kama mimi upande huu. Msimu wa korosho ukiisha, matawi yakishikana juu mpaka jua halipenyi, watu walinifuata hata kutoka Kilwa. Mpanda ngazi hushuka, wanasema. Mimi nilishuka kwa mgongo. Tangu hapo miguu yangu ni mizigo tu, na mke wangu Monika hunigeuza kitandani kama anageuza chapati.

Nilitazama dari hadi nikaijua misumari yake. Siku moja nikamsikia Dionis anapita na trekta yetu, ile tuliyonunua pamoja, jembe limening'inia nyuma. Nikawaza: mafuta yanayosukumwa na pampu ya trekta ndiyo yanayoinua jembe zito namna ile. Kama yanainua jembe, yatashindwaje kuinua msumeno?

Nikamwita. "Dionis, tutengeneze mkono mrefu wa chuma, na huko mwisho tufunge msumeno wa duara, uzungushwe na mafuta hayo hayo. Mtu hapandi mti tena. Ila nina sharti moja. Nyuma ya trekta utanichomelea kiti chenye mgongo na mkanda, na vishikio vyote viwe vya mkono. Wewe utaendesha, mimi nitakata. Sitaki kulishwa, mdogo wangu. Nataka kazi."

Dionis akalia. "Mungu ni shahidi yangu, kaka," akasema.

Basi tukaanza. Kuchomelea alichomelea yeye, lakini mimi nilimchorea kwa chaki sakafuni, kila tundu, kila kona. Jeki za mafuta tulizitoa kwenye tipa lililokufa zamani. Paipu tulinunua mjini Lindi, dukani kwa Abizer. Mara ya kwanza kuunyoosha ule mkono, trekta ikainua pua, magurudumu ya mbele yakabaki hewani, ikabidi tuifungie mawe kule mbele. Mara ya pili paipu ikachomoka, Dionis akaoga mafuta kuanzia utosini. Nilicheka hadi machozi. Monika alitoka jikoni mbio, akadhani nalia.

Siku ya kujaribu wakanibeba, wakanikalisha, wakanifunga mkanda. Nikasema nipelekwe kwenye mkorosho ule ule. Jirani yetu Abilahi akaniambia, "Fidelis, achana nao, mkosi huo." Achana nao wapi! Nikasukuma kishikio, mkono ukapanda, msumeno ukaanza kulia. Nililitukana lile tawi tusi ambalo siwezi kulirudia hapa, kisha nikalikata. Likaanguka chini puu! Safari hii lilianguka peke yake, bila mimi.

"Mashaallah!" Abilahi akapiga kelele. "Umerudi mtini, bwana!"

Nilikata safu nzima hadi dizeli ikaisha. Jioni mikono iliniuma, na sijawahi kufurahia maumivu namna ile. Wiki ile nilikuwa mtu. Watu walikuja kibarazani kuniuliza mimi, si Dionis, lini nitafika shambani kwao.

Kisha Dionis akaja peke yake, ameinamisha kichwa.

"Kaka, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema namtumikisha kilema. Ati nimekufunga kama mbuzi wa mnadani ili mimi nipate. Jumapili mama mmoja kaniuliza mbele za watu kama sina huruma."

"Ukamjibu nini?"

Akaanza kufuta mafuta ya trekta viganjani.

"Nimekuuliza, Dionis. Ulimwambia kuwa sharti la kiti lilikuwa langu?"

"Basi, kaka, pumzika. Umeshafanya makubwa. Fungu lako nitakuletea hapa hapa."

"Ebo! Nilikwambia nataka fungu?"

"Usipandishe hasira, kaka. Presha hiyo."

Presha! Nilimtolea uvivu siku ile. Nilimwambia kiapo chake ni cha mdomoni, moyoni hakuna kitu. Nilimwambia anawaogopa wanawake wa kanisani kuliko huyo Mungu aliyemfanya shahidi. Kisha nikamgeukia Monika aniunge mkono. Akasokota pindo la kanga yake. "Baba Anjelina," akasema, "kule juu unavyotikiswa, roho inanidunda. Bora upumzike." Kikulacho ki nguoni mwako, kweli.

Siku zilizofuata niliusikia msumeno kwa mbali, mara upande huu, mara ule. Dionis alihamishia vishikio mbele, kwenye usukani, akawa anaendesha na kukata mwenyewe. Nilijua kwa sauti tu pale alipokuwa akiusukuma kwa nguvu kabla haujashika kasi.

Leo asubuhi trekta ikasimama mlangoni. "Shikamoo kaka," akasema, akashusha kitu kilichofunikwa turubai. Akafunua.

Kilikuwa kiti changu. Alikikata kwenye trekta, akakichomelea miguu minne ya bomba, akakipaka rangi ya buluu na kukitia sponji mpya. Akakiweka kibarazani, kikitazama barabara.

"Nimekuletea kiti chako, kaka. Ukikaa hapa utakuwa unaniona nikipita kwenda kazini."

Monika akashika kifua. "Jamani, shemeji! Asante. Wengine hawakumbuki."

Wakanibeba, mmoja kwapani, mmoja magotini, wakanikalisha. Mkanda bado ulikuwepo. Dionis mwenyewe akanifunga, taratibu, nisidondoke. Mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe pale kilipokuwa kishikio, ukapapasa, haukukuta kitu. Dionis aliuona. Akatazama pembeni.

"Kinakufaa, kaka?"

Monika ananitazama. Abilahi naye amesimama barabarani, anatabasamu. Wote wananingoja.

Nikasema asante. Ningesema nini, na mkanda umeshafungwa?